Msiwaambie vijana kwamba kila mwenzao analewa

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa ukurasa mzima kuhusu vijana na pombe. Picha ilikuwa ya kijana aliyelala mtaroni, kiatu kimoja mguuni kingine hakipo, chupa pembeni. Kichwa cha habari kilisema ulevi sasa ndiyo mtindo wa maisha wa wanavyuo. Mimi ni patroni wa hosteli ya chuo hapa Moshi, na ukurasa ule vijana wangu waliubandika kwenye ubao wa matangazo kabla sijaamka. Mmoja akaandika chini yake kwa kalamu: "Bumu likitoka, tunawakilisha." (Bumu ndiyo fedha ya mkopo wa kujikimu wanayopewa wanavyuo.)

Hapo ndipo nilipoona niandike. Nia yenu najua ilikuwa kuonya. Lakini kijana wa mwaka wa kwanza aliyesimama mbele ya ubao ule, ametoka kijijini juzi, anatafuta namna ya kuwa mwanachuo, hakusoma onyo. Alisoma maelekezo.

Jambo hili limechunguzwa muda mrefu, hasa Marekani. Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz walichapisha matokeo kutoka chuo kidogo cha Hobart and William Smith katika jimbo la New York. Waliwauliza wanafunzi mambo mawili: wewe unaonaje kuhusu pombe, na unadhani wenzako wanaonaje? Wengi wao walikuwa na msimamo wa wastani. Walipofika kwenye swali la pili, wakawaeleza wenzao kama watu wa kulewa tu. Yaani chuo kizima kilikuwa kinamwogopa mlevi ambaye kwa sehemu kubwa hakuwepo.

Ukikaa getini Jumamosi usiku hutashangaa. Anayerudi saa nane anaimba, anagonga mlango usio wake, anatapika kwenye ngazi, na jengo zima linajua jina lake. Waliolala tangu saa nne hakuna anayewahesabu. Asubuhi stori ni moja tu kwenye foleni ya chai, na mwenyewe anaichekea kuliko wote. Siku hizi kuna na status za WhatsApp: meza imejaa chupa, watu wanne wameinua mikono. Sijawahi kuona mtu akiweka status ya kikombe cha uji na daftari.

Deborah Prentice na Dale Miller walilichimba zaidi katika Chuo Kikuu cha Princeton, wakachapisha mwaka 1993. Huko walikuta wanafunzi, mmoja mmoja, wanaona kwamba wao wana wasiwasi na ulevi wa chuoni kuliko mwanafunzi wa kawaida. Fanya hesabu hiyo, Mhariri: haiwezekani kundi zima liwe upande mmoja wa wastani wake lenyewe. Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Muhula ulivyosonga, wavulana misimamo yao ilihama taratibu kuelekea kule walikodhani wenzao wako. Wasichana hawakuhama. Sisi huku tunasema kijana amefuata mkumbo. Wale wavulana walifuata mkumbo wa kufikirika.

Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa njia ya kuwaambia vijana ukweli kuhusu wenzao, badala ya kuwatisha. Michael Haines, katika Chuo Kikuu cha Northern Illinois, mwaka wa kwanza alikwenda na kampeni ya kawaida, ile tunayoijua sote. Baadaye akabadilisha: mabango na matangazo yakasema kwamba wanafunzi walio wengi wakienda kwenye sherehe hunywa vinywaji vitano au pungufu. Kwa miaka mitano ya utafiti, waliokiri kunywa kupita kiasi walishuka kutoka asilimia 43 hadi 34 hivi. (Vitano kwangu bado ni vingi, na mama yangu angeniita nikae chini nijieleze. Lakini bango lilisema kilichokuwepo, si ambacho mama yangu angependa kiwepo, na nadhani ndiyo maana lilisikika.)

Sitaki nionekane nauza dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2003 Henry Wechsler wa Harvard na wenzake walilinganisha vyuo 37 vilivyotumia njia hii na vyuo 61 ambavyo havikuitumia, na hawakuona unywaji ukipungua. Halafu kuna la pesa: mwaka 2006 Anheuser-Busch, watengenezaji wa Budweiser, walitoa fedha kuanzisha taasisi ya kazi hii katika Chuo Kikuu cha Virginia. Muuza bia akiipenda kampeni yako dhidi ya ulevi, lazima ujiulize ameona nini ndani yake. Mimi nadhani ameona kwamba bango halipandishi bei wala halifungi duka. Sisi tunakumbuka viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Kijana alikuwa anakinunua kwa chenji ya nauli na kukiweka mfuko wa shati, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Hakuna bango ambalo lingefanya kazi ile.

Kuna na mtego mwingine. Huko San Marcos, California, watafiti waliwaambia wenye nyumba wastani wa umeme unaotumika mtaani kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Waliokuwa juu ya wastani walipunguza. Waliokuwa chini wakaongeza! Watafiti walipochora kando ya namba ya hao wa chini kauso kanakocheka, kuonyesha kwamba jambo lao linapendeza, ongezeko likafutika. Sasa chukua wastani wa bia kwa wiki uubandike ukutani: wale wasiogusa kabisa umewaambia nini? Na hapa kwetu Kilimanjaro si mahali pa kudanganyana. Utafiti wa vijana uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta unywaji uko juu Kilimanjaro kuliko Mwanza, na aliyewahi kuwa Moshi wiki ya Krismasi, kreti zikipanda mlimani nyuma ya mabasi, hahitaji kuambiwa. Bango la kusema "wengi hawanywi" likibandikwa mahali ambapo wengi wanakunywa, litachekwa hadi lichanike. Lazima upime kwanza.

Ila kunywa na kukubali ulevi si kitu kimoja, hata hapa. Nimekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ilikuwa na mpangilio wake: nani anaonja, nani anapewa kata baada ya nani, na kijana aliyepepesuka mbele ya wazee alipelekwa nyumbani kwa aibu, hakupigwa picha. Sisemi zamani palikuwa peponi, walevi tulikuwa nao na wake zao walijua. Nasema tu kwamba ukimuuliza kijana wangu leo kama wenzake wanamheshimu anayelala na viatu kwenye korido, yeye atasema "ndiyo, ni mwamba," na ukiwauliza hao wenzake faraghani, watakwambia wamechoka kusafisha.

Nilijaribu mwaka jana, wiki ya kwanza ya muhula. Kila mtu kikaratasi, hakuna jina. Upande mmoja: Jumamosi iliyopita ulilewa? Upande wa pili: unadhani katika kumi waliokaa karibu nawe, wangapi walilewa? Tukakusanya kwenye kapelo yangu, tukasoma mbele ya wote. Siandiki hesabu hapa kwa sababu hosteli moja si utafiti, lakini pande mbili za vile vikaratasi hazikukaribiana hata kidogo. Chumba kilinyamaza. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, mwenye sauti kubwa kuliko wote siku za kawaida, akasema, "Kumbe, Mzee." Basi. Tulikaa tukiongea mpaka umeme ulipokatika. Baadaye nilisoma kwamba Princeton nao walifanya kitu cha jinsi hii, wakachapisha mwaka 1998: wanafunzi wapya waliojadili pamoja jinsi wanavyowafikiria wenzao vibaya walikuwa, miezi kadhaa baadaye, wanakunywa kidogo kuliko wale ambao mjadala wao ulihusu jinsi kila mtu anavyoweza kuamua mwenyewe kuhusu pombe.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiandika tena kwamba asilimia fulani ya vijana wanalewa, tafadhali toeni na waliobaki kwenye mia, kwa herufi zilezile kubwa. Yule wa mtaroni mpelekeni nyumbani, msimpige picha. Na mkitaka kuja kuuliza wenyewe, muhula unafunguliwa mwezi ujao. Njooni na vikaratasi, kapelo ninayo.

Patroni wa hosteli,
Moshi