Barua kwa Mwanangu: Pembe ni Pembe, Njia ni Njia

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu uliyoniachia, na kabla hujasafiri kwenda kuanza shahada ya uzamili sina budi kukueleza jambo moja linalonikosesha usingizi. Umeandika kwamba muundo wa konfomali na muundo wa projektivu ni kitu kimoja chenye sura mbili. Sivyo hata kidogo. Wa kwanza huhifadhi pembe na kuuacha urefu ubadilike kutoka nukta hadi nukta. Wa pili huhifadhi njia za jiodesiki, yaani zile zilizonyooka kadiri nafasi iliyopinda inavyoruhusu, bila kujali mwendo wa anayezipita. Diski ya Poincaré na ile ya Klein, ramani mbili zinazochorwa ndani ya duara, huonyesha jiometri ileile ya haipaboli (ya nafasi yenye mpindo hasi), ila kwa Poincaré pembe ni sahihi na jiodesiki zimepinda kuwa matao, ilhali kwa Klein jiodesiki zimenyooka na pembe zimeharibika.

Alichothibitisha mwanahisabati Hermann Weyl mwaka 1921 ni kwamba metriki mbili (kanuni za kupimia urefu na pembe) zikishiriki miundo yote miwili kwa pamoja, hutofautiana kwa kizidisho kisichobadilika tu. Nakusihi uifanye hesabu hiyo kwa mkono wako. Ukiizidisha metriki g kwa e²ᶠ, ambapo f ni namba inayoweza kubadilika kutoka nukta hadi nukta, muunganisho wa Levi-Civita (kanuni ya kusafirisha vekta inayotokana na metriki) huongezewa vijenzi vitatu. Viwili havigusi njia, na cha tatu, chenye g pamoja na mteremko wa f, ndicho kinachozihamisha. Dai njia zisihame, yaani kijenzi cha tatu nacho kiwe cha aina isiyogusa njia, kikiandikwa kwa vekta fulani w; fanya kontraksheni (kujumlisha juu ya jozi ya fahirisi) mara mbili, nawe utabaki na (n + 2)(n − 1)w = 0, n ikiwa idadi ya vipimo. Kuanzia vipimo 2 na kuendelea w ni sifuri, na f haibadiliki. Ni mistari michache, lakini wewe, ambaye akili yako inanipa fahari kuliko ninavyosema, umeiruka ukakimbilia kazi ya mwaka 1972 ya wanafizikia Ehlers, Pirani na Schild.

Huko nako umeteleza. Hao watatu walipata muundo wa konfomali kutokana na miali ya nuru, na wa projektivu kutokana na chembe zinazoanguka huru, kisha wakadai miali hiyo iwe miongoni mwa jiodesiki. Dai hilo halitokei lenyewe, na hata likitimia halikupi metriki: hukupa muundo wa Weyl, ambamo urefu unaosafirishwa kwa njia mbili tofauti unaweza kufika ukiwa na thamani mbili. Einstein alimpinga Weyl kwa hoja hiyohiyo mwaka 1918, akisema masafa ya nuru itolewayo na atomu (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yangetegemea historia ya atomu hiyo. Ili kupata metriki, lazima sharti jingine la kuzuia hilo liongezwe, na wewe hukulitaja.

Aya yako kuhusu nyuso ni nzuri: kila metriki ya Riemann katika vipimo 2 ni bapa kikonfomali katika eneo dogo kuzunguka kila nukta (yaani huwa bapa ukibadilisha urefu bila kugusa pembe), ilhali muundo wa projektivu si lazima uwe bapa. Iache ilivyo.

Mdogo wako anaitaka meza yako. Karatasi zenye hesabu nimezitenga kwenye droo ya juu. Zilizobaki niambie kama zitupwe, na unitumie ukurasa wa kontraksheni kabla hujampa msimamizi wako rasimu.

Baba yako