Supu ya kaa ya huku Maryland

Baltimore, Novemba

Somo yangu mpenzi,

Uliniuliza kama huku Marekani napata kaa, simu ikakatika kabla sijakujibu. Napata, tena wengi, na Jumapili nimepika sufuria zima. Vidole vyangu bado vinanukia viungo.

Si kama wale wetu wa Sahare, pale Tanga, wa kuchokolewa mashimoni kwenye mikoko. Hawa ni wadogo, magando yao ya buluu, na miguu ya nyuma ni bapa kama kafi, maana waogeleaji hodari. Huvuliwa Ghuba ya Chesapeake kuanzia Aprili. Baridi ikishika hujifukia matopeni. Wenyeji huwapika kwa mvuke, wakawamwaga juu ya meza iliyotandikwa magazeti, kisha watu huvunja kwa vinyundo vya mbao hadi usiku. Waliobaki mezani ndio supu ya kesho yake.

Chemsha mifupa ya ng'ombe, kilo moja hivi, kwa saa mbili pamoja na kitunguu. Najua utaguna, hata mimi niliguna: kaa na ng'ombe wapi na wapi? Lakini nyama ya kaa ni tamu na nyepesi, inahitaji kitu cha kuibeba. Kisha chukua kaa wawili watatu, toa magamba na matamvua, wakate nusu kwa nusu, watumbukize wachemke humo humo. Bila hao utakuwa umepika supu ya mboga tu.

Halafu nyanya. Mimi hutia kopo la gramu 800, ila Agosti hutia mbichi, kwa kuwa ndipo nyanya, mahindi na kaa vinapojaa sokoni kwa pamoja. Supu ya Agosti, somo, ni nyingine kabisa! Viazi na karoti vitangulie, kabichi ifuate, kisha mahindi, njegere, maharage machanga na yale mapana ya kijani waitayo lima.

Kiungo chake ni Old Bay, na hiki nataka ukijue. Alikitengeneza Gustav Brunn, Myahudi aliyekuwa akiuza viungo Ujerumani. Mwaka 1938 Wanazi walimfunga kambi ya Buchenwald. Alipoachiliwa alikimbia na familia yake hadi hapa Baltimore, na mwaka 1939 akaanza tena biashara ile ile ya viungo. Wauza kaa wakawa wateja wake. Leo hakuna jiko la Maryland lisilo na kile kikopo cha njano na buluu. Kila nikitia kijiko humkumbuka, mgeni aliyeupa mji ladha yake, nami mgeni mwenzake nakoroga.

Huko hutakipata kirahisi, basi saga mbegu za selari na chumvi, uchanganye paprika, pilipili manga na pilipili nyekundu kidogo. Vijiko viwili vya chakula vinatosha sufuria ya lita nne, lakini onja kwanza.

Nyama ya kaa iliyochambuliwa iingie mwisho kabisa, moto mdogo, dakika tano. Tumia ya magando, ina ladha zaidi. Usikoroge kwa nguvu, itasambaratika na jasho lote la kuchambua litapotea.

Na tafadhali usitie tui. Najua mkono wako utakwenda kwenye mbuzi wenyewe. Nilijaribu mara moja. Kilikuwa chakula kitamu, lakini nyanya ilinyamaza na kaa hakusikika. Kaa wa nazi tunaye tayari, na hapana anayempika kumshinda mama yako. Hii iache nyekundu, kali kidogo, uile na mkate wa boflo.

Kaa wa Sahare ni mkubwa, mmoja atatosha kukatiwa mchuzini, mwingine wa kuchambua. Nataka kujua utamu wake ukikutana na mchuzi wa mifupa unakuwaje, maana sijawahi kuupika na kaa wa kwetu. Pika, kisha unipigie ukiwa bado jikoni.

Msalimie mama, umbusie watoto.

Wako,
Somo