Sayansi ya chimbuko la binadamu ni yetu pia

Mhariri,

Kila mjadala wa mageuko ya binadamu, yaani kwamba tumetokana na viumbe wa kale waliobadilika polepole, unapozuka, hakosekani wa kusema kwamba nadharia hii ilibuniwa na Wazungu ili kumfananisha Mwafrika na nyani. Wapo wanaoicheka kauli hiyo. Mimi siicheki, kwa maana nyuma yake kuna kidonda. Mwaka 1906 kijana wa Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika banda la nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, umati ukimiminika kumtazama. Waliopiga kelele hadi akatolewa ni wachungaji Weusi wa Marekani. Mwaka 1916 alijiua. Anayefundisha sayansi hii huku akiikwepa aibu hiyo asishangae akikosa wa kumsikiliza.

Hata hivyo, kauli hiyo inaisahau nusu nyingine ya historia. Charles Darwin, Mwingereza mwasisi wa nadharia hii, aliandika mwaka 1871 kwamba yaelekea wahenga wetu waliishi Afrika, kwa kuwa sokwe na gorila wako huko. Wasomi wengi wa Ulaya hawakutaka kulisikia hilo. Mwaka 1912 walipoletewa fuvu la Piltdown, lililodaiwa kuokotwa Uingereza, lenye ubongo mkubwa na taya la nyani, wengi walilipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1925 mtaalamu wa anatomia Raymond Dart akatangaza fuvu la mtoto kutoka machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini. Ubongo wake ulikuwa mdogo, lakini tundu unakopitia uti wa mgongo lilikuwa chini ya fuvu, dalili ya kiumbe aliyetembea wima. Vigogo wa London wakasema huyo ni nyani mchanga tu. Mmoja wao, Arthur Keith, alikiri mwaka 1947 kwamba Dart alikuwa sahihi. Mwaka 1953 vipimo vikaiumbua Piltdown: fuvu la binadamu limeunganishwa na taya la nyani, meno yamepigwa tupa, mifupa imetiwa rangi ionekane ya kale. Kwa hiyo waliozuia ukweli huu kwa miaka mingi ni walewale waliodhani Afrika haiwezi kuwa chimbuko la chochote. Leo sisi tukiukataa kwa jina la kujitetea, tunawasaidia.

Tena kazi yenyewe imefanywa na Waafrika. Mwaka 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu wa Kenya alikiona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu, rangi yake ikikaribia kufanana na ya kokoto zilizokizunguka. Wangapi wangekipita! Uchimbaji ulioanzia hapo ulitoa mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, nayo ni miongoni mwa mifupa ya zamadamu, yaani binadamu wa kale, iliyo kamili zaidi duniani. Baadhi ya viongozi wa makanisa walipopinga isionyeshwe katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, walikuwa wanatetea imani yao, na hiyo ni haki yao. Lakini mfupa ule ni ushahidi uliopatikana kwa jicho la Mwafrika, na kuuficha ni kumficha yeye pia.

Ninawaomba waandishi wa vitabu vya historia waliweke jina la Kamoya penye picha ya mifupa hiyo, si la Richard Leakey, aliyeongoza utafiti huo, peke yake. Na mwalimu anayefundisha Olduvai, bonde la Tanzania lenye mabaki ya binadamu wa kale, aifundishe Piltdown na amtaje Ota Benga katika kipindi hichohicho.

Msomaji wako