Salamu za Pasaka: Mchele wa Moramanga na Ghala Zetu

Mbukwenyi! Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli! Ndugu wa Bahi, Kongwa, Chamwino, Mpwapwa na mlioko mjini, hongereni kwa kumaliza Kwaresima. Mwaka umekuwa mzito. Mvua ilikatika mahindi yakichanua, na bei ya debe pale soko la Majengo mnaijua.

Kila Pasaka mimi huikumbuka Madagaska. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, 30 Machi 1947, wakulima wenye mikuki na mapanga waliivamia kambi ya jeshi la Wafaransa huko Moramanga, mji ulio kwenye reli ya Antananarivo na Tamatave. MDRM, chama cha siasa cha Wamadagaska, kilikuwa kikidai uhuru, lakini kijijini kilichochoma zaidi kilikuwa mchele. Tangu 1944 ofisi ya serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuuza kwa bei ya chini, kisha mchele ukauzwa ghali kwa walewale walioulima. Sisi tunaopimiwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, tunalielewa hilo bila kuambiwa.

Wakulima wale walipaza sauti “Rano! Rano!”, yaani maji, ili risasi zigeuke maji. Nchi ya Maji Maji inajua yaliyofuata. Mji mkuu haukuinuka, jeshi likaletewa askari zaidi, na mwezi Mei wafungwa wakapigwa risasi ndani ya mabehewa palepale Moramanga. Waliokimbilia msituni, wengi sana waliuawa na njaa na maradhi. Kwetu Ugogo nako, hapa Dodoma, wazee walituachia jina Mtunya kwa njaa iliyokuja baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kubeba nafaka na ng'ombe.

Basi nawasihi: asiuze mtu uwele wala mtama ungali shambani! Mkivuna, tengeni kwanza chakula cha nyumba. Anikeni juu ya turubai, si chini, hadi punje ivunjike kwa jino bila kubonyea. Ikibaki na unyevu, ukungu huingia na kuleta sumukuvu. Mahindi yawekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi, mdudu anayetoboa punje, hamalizwi na majivu peke yake. Ziada iuzwe kwa mizani. Baba anayeuza chakula chote mwezi wa saba anawafunga wanawe kwa mkono wake mwenyewe!

Mama mkubwa wa Mvumi, Pasaka hii hatutasikia vigelegele vyako. Debe la mwisho hukuliuza kamwe.

Heri ya Pasaka kwenu nyote, watoto, wazee na mifugo.