Tusimdai mtunzi ushahidi wa majeraha yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo linalonikera kama msomaji wa siku nyingi wa hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo mpenzi wa riwaya au filamu fulani huwachukua wahusika wake na kuwatungia visa vipya bila kutarajia malipo. Nakusudia hasa zile nzito, ambamo shujaa tuliyezoea kumwona akishinda vita anarudishwa katika chumba alichopigwa utotoni, au anaketi mbele ya mzazi aliyemdhulumu na kumwambia yale ambayo hakuweza kuyatamka alipokuwa na miaka saba.

Wapo wasomaji wanaomshutumu mtunzi kwamba anafurahia ukatili, kana kwamba aelezaye moto ndiye aliyeuwasha. Hao sina haja ya kuwajibu kwa kirefu. Wanaonisumbua zaidi ni wale wanaomjia kwa upole na kumuuliza iwapo hayo yalimpata yeye mwenyewe. Akikana, huambiwa hana haki ya kuyaandika. Akikiri, amelazimika kuwafichulia watu asiowajua siri ambayo pengine hata ndugu zake wa tumbo moja hawaijui. Aliyejificha nyuma ya mhusika wa kubuni ana sababu zake, kwa kuwa mhusika huyo humwezesha kulitazama jambo kwa mbali kidogo, kulipunguza au kulikoleza atakavyo, na kuweka kalamu chini anapochoka. Swali hilo, hata likiulizwa kwa huruma, humnyang'anya kificho hicho.

Kuna pia wanaotaka mhusika amsamehe baba yake upesi ili wao wapate kulala. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, Pennebaker na Beall, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, kuhusu matukio yaliyowaumiza. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walisononeka zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Utafiti huo haukuhusu hadithi za kubuni, wala sidai kwamba kalamu inachukua nafasi ya mshauri nasaha; hata hivyo, unanifanya nisishangae sura za mwanzo zikiwa chungu na faraja ikichelewa.

Msomaji naye ana haki yake, hasa yule mwenye kidonda cha namna hiyo hiyo. Maktaba ya mtandaoni iitwayo Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, humtaka mtunzi ama ataje maonyo makuu, kama vile ubakaji au ukatili wa kutisha, ama aseme wazi kwamba ameamua kutoyataja. Naona utaratibu huo ni wa haki, na mtunzi anayemwingiza mtu gizani bila neno lolote anastahili kulaumiwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuifunga hadithi moja katikati, ingawa onyo lake nilikuwa nimelisoma, kwa sababu mlango uliokuwa ukifunguliwa humo nilihisi naujua. Sikumwandikia mtunzi lawama wala swali. Baada ya miezi miwili niliirudia, nikaimaliza kwa siku tatu.

Wako,
Msomaji