Barua kwa mwanangu anayekwenda mto Rhine

Mwanangu mpendwa,

Ratiba uliyonitumia nimeisoma yote: Basel hadi Amsterdam, usiku saba melini, na Köln ya Ujerumani kwa muda wa saa sita, ambazo umezitenga za kwenda kumwona shangazi yako. Hapo kwa shangazi ndipo nakuomba upange upya.

Meli za mtoni hazimngoji mtu. Karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila jioni huandikwa saa ya abiria wote kuwa ndani, kwa kawaida nusu saa kabla ya kuondoka. Toa hiyo nusu saa, toa na muda wa treni ya kwenda kwake na kurudi, unabaki na saa tatu hivi. Pilau halijaiva nawe unatazama saa! Mwekee siku tatu baada ya Amsterdam. Treni ya moja kwa moja hadi Köln huchukua chini ya saa tatu, na tiketi ikikatwa mapema huwa nafuu.

Zile saa sita zitumie kwenye kanisa kuu lililo ubavuni mwa stesheni. Ujenzi wake ulianza 1248 ukakamilika 1880, na minara yake ina mita 157. Ngazi za mnara wa kusini ni 533, nyembamba, za kuzunguka, na wanaopanda hupishana na wanaoshuka, kwa hiyo mkoba mkubwa uache melini.

Mabadiliko haya yanaigusa viza. Uswisi, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zote zimo ndani ya Schengen, umoja wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, basi hiyo moja yatosha. (Ingekuwa Danube hadi Serbia, ungetoka Schengen na kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja isingekufaa.) Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na ukiongeza siku za shangazi, ni Ujerumani bila ubishi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15, lakini usisubiri huko mwisho. Ada ni euro 90. Bima isipungue euro 30,000, na ifike mpaka siku ya ndege ya kurudi. Hapa ndipo wengi wanakwama: bima inaishia siku meli inapotia nanga, na zile siku za kwa ndugu hazina bima wala barua ya mwaliko. Shangazi aandike anwani yake, tarehe na udugu wenu. Kama atakugharamia yeye, aende ofisi ya wageni ya mji wake achukue hati iitwayo Verpflichtungserklärung, yaani ahadi rasmi ya kukugharamia, na akutumie ile halisi, si picha ya simu.

Sasa maji. Kipande kizuri kuliko vyote ni bonde kati ya Rüdesheim na Koblenz, kilomita 60 na zaidi za majumba ya kale juu ya miamba. Ratiba ikionyesha meli inapita hapo usiku, usilipe. Mchana panda staha ya juu mapema. Huko Kaub kuna ngome ndogo nyeupe katikati ya mto, kama meli iliyokwama, na mbele kidogo, upande wa kulia ukishuka na mkondo, mwamba wa Loreley unaufanya mto uwe mwembamba na kujipinda.

Kaub hiyohiyo ndiyo inayokwamisha safari maji yakipungua. Kipimo chake cha maji si kina cha mto. Jumlisha kama mita 1.1 ndipo upate kina cha njia ya meli. Oktoba 2018 kipimo kilishuka hadi sentimita 25, yaani mita 1.35 hivi za maji, na hicho ni kidogo mno kwa meli nyingi. Ikitokea hivyo abiria hupakiwa mabasi, au huhamishiwa meli nyingine iliyo upande wa pili wa kizuizi. Uliza kwa maandishi watafanya nini na watarudisha nini, kabla hujamalizia malipo. Ningekuwa na uchaguzi ningekwenda Juni, theluji ya milima ya Alps ikiwa inayeyuka na kuujaza mto, kuliko Septemba.

Kati ya Basel na Iffezheim kuna milango ya maji kumi. Meli huingia kwenye chumba cha zege, maji yanapunguzwa, nayo inashuka polepole. Usiku utaona ukuta wenye ukungu ukipanda nje ya dirisha, karibu kuugusa. Usishtuke.

Plagi chukua ile nyembamba ya pini mbili za duara. Ile nene ya Kijerumani haiingii kwenye soketi za Uswisi.

Zawadi za shangazi: nyama, samli na maziwa hapana, watakunyang'anya mpakani. Embe nazo hazipiti bila cheti cha afya ya mimea. Nazi, nanasi, ndizi na tende zinaruhusiwa. Wewe mpelekee karafuu na majani ya chai. Kanga nitakutumia kwa basi la Ijumaa, doti mbili.

Baba yako