Kisa cha sahani ya Queen

Sheikh wangu, assalaam aleikum,

Vipi Muscat, vipi joto, watoto hawajambo? Huku sote wazima. Uliponipigia uliuliza kwa nini mwenzetu wa Mlandege kakasirika mpaka kabeba sahani yake ya muziki kaenda zake kwao, nikakwambia n'takuandikia maana kwa simu haitatosha, basi ndo hii, tia chai ukae kitako.

Ugomvi wenyewe ni albamu ya A Night at the Opera ya Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza. Ndiyo, tena. Ile sahani kaletewa na mjomba wake kutoka London, chapa ya zamani, kasha jeupe na ile nembo yao ya rangi rangi katikati, akaja nayo kwa mzee wetu mwenye santuri na sisi sote tukamiminika, wengine hata miziki ya rock hawaipendi wamekuja kwa ajili ya kahawa tu. Upande wa kwanza haujafika hata katikati, kijana mmoja, yule anayejifanya anajua kila kitu tangu aone ile filamu ya Queen ya 2018, akanyanyuka akashika sindano akageuza sahani akairukisha moja kwa moja mpaka Bohemian Rhapsody, ati "tusipoteze muda jamani, twende penyewe". Wallahi mwenye sahani alibadilika rangi. Hakusema neno, alisubiri wimbo uishe, akachomoa sahani akaifuta kwa shati lake akaitia kwenye kasha akaondoka. Na sisi tuliobaki ndo tukaanza kugombana mpaka wa kahawa kafunga.

Sasa nikwambie kila mtu alisema nini kisha nikwambie mimi nasimama wapi, maana najua watakutumia habari za kunisingizia.

Mwalimu kasema hiyo ni albamu ya wimbo mmoja. Kwamba ukiiondoa Bohemian unabaki na vitu vya kujazia nafasi, mara muziki wa dansi la kizamani la Waingereza, mara mtu anaimba anaipenda gari yake, mara nyimbo ya taifa mwishoni, sasa hiyo ni albamu au maonyesho ya sikukuu? Mzee mwenye santuri naye, unamjua, yeye ni Pink Floyd mpaka kaburini, akasema The Dark Side of the Moon ya 1973 ndo albamu, ina jambo moja inalolisema tangu mwanzo mpaka mwisho, wakati, pesa, wazimu, mauti, hii ya Queen ni urojo tu, kila kitu kimo. Nikamjibu mzee wangu, toka lini urojo ukawa tusi Zanzibar? Akacheka, lakini hakubali.

Halafu wapo hawa wetu wa "mtoto wa nyumbani". Hawa ndo wananichosha kuliko wote, na mwenzetu wa Mlandege ndo kiongozi wao, nampenda lakini ukweli nitausema. Sawa, Freddie Mercury, mwimbaji wao, kazaliwa hapahapa Mji Mkongwe, 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, babake mzee Bomi alikuwa karani wa fedha mahakamani wakati wa Mwingereza, akapelekwa Panchgani India kusoma, familia ikahamia Feltham, Uingereza, baada ya Mapinduzi ya 1964, yote hayo tunayajua na sasa lipo hata jumba la makumbusho pale Shangani watalii wanapiga picha. Tujivunie, hakuna ubaya. Ila albamu imetoka Novemba 1975, na humo ndani Freddie kaandika nyimbo tano katika kumi na mbili. Nne ni za Brian May mpiga gitaa, moja ya Roger Taylor mpiga ngoma, moja ya John Deacon, na ile God Save the Queen ni Brian tu kaipanga kwa magitaa. Sasa ukisema albamu ni nzuri kwa sababu ya mtoto wa Shangani, '39 utaiweka wapi? You're My Best Friend utaiweka wapi? Hiyo kaiandika Deacon, mpiga besi, mtu mkimya yule, kamuandikia mkewe, na kile kinanda cha umeme unachosikia kinalialia kakipiga mwenyewe kwa sababu Freddie alikikataa, hakukipenda, kwake piano ni piano. Bora alikataa.

Mimi hoja yangu ni moja tu na niliisema pale ila kelele zilikuwa nyingi. Hii albamu imepangwa. Yule kijana aliporusha sindano alirusha hoja akataka hukumu. Bohemian ni wimbo wa kabla ya mwisho, upande wa pili, na kila ufundi uliomo ndani yake ushafundishwa masikio yako kabla hujaufikia. Hebu fuatilia.

Unaanza na Death on Two Legs, piano inazunguka kama ina jambo, gitaa linakuja na kelele za kutisha, halafu Freddie anaanza kutukana. Yaani matusi kweli, kwa meneja wao wa zamani, jina hakulitaja lakini waliohusika walijijua. Na lazima uelewe hasira ile inatoka wapi, hawa jamaa walikuwa na hiti kila mahali, Killer Queen ya 1974 imefika namba mbili Uingereza, na mfukoni hamna kitu. Mkataba umewabana. Ndo wakaenda kwa John Reid, meneja wa Elton John, akawaambia nyie nendeni mkafanye rekodi bora mnayoiweza, pesa niachieni mimi. Wakafanya, na ikatajwa kuwa albamu ya gharama kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa mpaka wakati ule, wakihama studio hii wanaingia ile, mpaka studio ya Rockfield kule Wales, shambani. Watu wasio na nauli wakacheza kamari yote hiyo. Ile hasira ya piano ndo mlango wa albamu, na utaikuta tena mwishoni ikiwa imevaa nguo nyingine.

Kisha bila kupumua unaingia Lazing on a Sunday Afternoon, dakika moja na kidogo tu, sauti kama inatoka kwenye redio ya mbao ya babu. Unajua walifanyaje? Freddie anaimba, sauti inapelekwa kwenye hedifoni, hedifoni imetiwa ndani ya ndoo ya bati, mikrofoni inarekodi kutoka kwenye ile ndoo. Basi. Hakuna mashine. Hao ndo walikuwa wanajigamba kwenye makasha yao ya miaka ya sabini kwamba humu hakuna sintesaiza, ile mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme. Na Seaside Rendezvous vilevile, pale katikati unaposikia bendi ya matarumbeta na mazumari ni Freddie na Roger wanaiga kwa midomo, na ile sauti ya viatu vya kuchezea dansi ni hao hao wawili wamevaa kastabini za fundi cherehani vidoleni wanagonga meza ya kuchanganyia sauti. Mwalimu anaita hiyo kujazia nafasi! Mimi naita watu wanaocheka huku wanajua wanachokifanya, na kichekesho hicho hicho ndo kinachokuja kukupeleka kwenye ile opera baadaye, usipokuwa ushacheka na Seaside utadhani opera ni ya kweli, utaisikiliza kwa uso mkavu kama uko msibani.

'39 sitaigusa sana maana nitaandika mpaka asubuhi. Najua we ndo wimbo wako. Watu wanaondoka na chombo cha angani kwenda kutafuta ardhi mpya, kwao wao umepita mwaka mmoja, wanarudi huku miaka mia imeshapita na waliowaacha hawapo. Brian alikuwa anasomea nyota chuo cha Imperial kabla ya bendi kumteka, shahada yake ya udaktari wa nyota kaja kuimaliza 2007, fikiria! Na kaitia hesabu yote ile ya Einstein kwenye wimbo wa gitaa kavu ambao mtu anaweza kuimba akiwa anafua. We uko huko miaka mingi sasa, sijui unausikiaje, mi nikiusikia nakukumbuka na sitaki kusema zaidi.

Sweet Lady ni mbovu. Nasema tena, mbovu. Mapigo ya tatu tatu yanayojaribu kuwa rock nzito, maneno hayana maana, Brian siku hiyo alichoka. Mwalimu angeshikilia hapo ningemuunga mkono, yeye kaenda kushambulia Good Company ya upande wa pili, wimbo ambao bendi nzima ya jazi ya mtindo wa kizamani, klarineti, tromboni, vyote, ni gitaa la Brian, lile alilolitengeneza yeye na babake kuanzia 1963 kwa mbao za meko ya zamani, analipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya pleki, kile kidude cha kupigia nyuzi. Noti moja moja kaitafuta mpaka gitaa likatamka kama zumari. Mzee wa Pink Floyd mwenyewe aliposikia hapo aliuliza nani anapiga tromboni, nikanyamaza kidogo nimuache ajichanganye kisha nikamwambia. Akasema "mh". Kwa mzee yule "mh" ni kubwa.

Sasa geuza sahani. The Prophet's Song, dakika nane na ushei, Brian kaota gharika akaamka akaandika. Pale katikati vyombo vyote vinanyamaza anabaki Freddie peke yake anaimba, na sauti yake inarudishwa na tepu kwa kuchelewa kidogo, anaimba juu ya mwangwi wake, anajijibu, mpaka mtu mmoja anakuwa kwaya, sauti iko kushoto, iko kulia, iko nyuma yako. Usiku, taa zimezimwa, hedifoni, jaribu. Hapo ndo masikio yanafundishwa kubeba sauti nyingi kwa pamoja. Na kabla hujatulia wimbo unamwagika ndani ya Love of My Life, piano, na kinubi ambacho Brian alikuwa hajui kukipiga, alirekodi vipande vipande akikitengeneza upya kila kinapopoteza sauti. Ile ambayo baadaye walikuja kuiimba na gitaa tu na viwanja vizima vya Argentina na Brazil 1981 vikaimba badala ya Freddie.

Ndo ukifika Bohemian sasa. Ile piano ya mwanzo unaijua, ile hasira ya mwisho unaijua tangu wimbo wa kwanza, kwaya ya katikati ushafundishwa na Prophet's, kichekesho ushafundishwa na Seaside, huzuni ya yule anayemlilia mama ushalainishwa na Love of My Life. Vyote vinakutana kwa dakika tano na sekunde hamsini na tano. Kwaya yote ile ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, wanajirekodi juu ya wenyewe, tepu imepita mashineni mara nyingi mpaka imechakaa ukiiinua kwenye taa unaona ng'ambo. Kampuni yao ya rekodi ikasema ndefu mno redio hazitaipiga, mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London akaipiga mara kumi na nne kwa wikiendi moja, na ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Wimbo mkubwa, nani kabisha? Lakini ukiusikia peke yake kwenye harusi au kwenye baa ya watalii unasikia mbwembwe. Ukiusikia mahali pake unasikia watu wanne wanakusanya kila walichokuwa nacho.

Kwa hiyo nikamwambia mwalimu, tufanye hivi, tuipige albamu nzima bila Bohemian, tukifika hapo tuinue sindano, tuone kama inasimama. Mimi naapa inasimama. Inasimama kwa sababu ya hizo nyingine, na zaidi ya hapo nasema Bohemian ndo inayopungukiwa ukiitenga nazo. Akasema sawa, lakini sahani ndo imeshaondoka, tutapiga nini?

Hapo yule fundi wa friji, anayekaa kimya siku zote, akatia mafuta kwenye moto, ati Queen II ya 1974 inaizidi hii, ule upande wa pili waliouita "mweusi", wote wa Freddie, ni mkali kuliko chochote walichofanya baadaye. Na hapo sheikh wangu ndo nikakosa jibu la haraka, maana huyo ana hoja. Queen II ni nzito, haina mzaha, haina Sweet Lady. Ila haina Deacon vilevile, wakati ule alikuwa hajaandika hata wimbo mmoja humo, na mi albamu ya Queen isiyo na mkono wa wote wanne naiona kama wenyewe hawajamaliza kujuana. Tumekubaliana itasikilizwa wiki ijayo, yeye anayo kwenye kaseti.

Basi nataka mambo mawili kwako. Kwanza kura yako ya Sweet Lady, ibaki au itoke, tuko nusu kwa nusu na kura ya Muscat inahesabiwa. Pili, huyu wa Mlandege mpigie wewe, simu yangu hapokei, mwambie yule kijana kaapa sindano haigusi tena na kahawa atalipa yeye. Mwambie alete sahani. Bila sahani mwalimu atatamba mpaka Ramadhani.

Wasalimie nyumbani wote.

Nduguyo wa baraza